Shule zikifungwa tena: jibu kwa mama wa mtoto mwenye usonji na kifafa

Swali la msomaji: "Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni, Mombasa. Kifungua mimba wangu ana usonji na kifafa. Korona ilipoingia alikuwa na miaka 6, na ndiyo kwanza alikuwa amekizoea kitengo maalumu cha shule yetu. Shule zilipofungwa, kila asubuhi alivaa sare, akabeba mkoba na kusimama mlangoni akingoja gari. Baada ya wiki tatu aliiacha sare, na maneno yake machache nayo yakapotea. Akawa anajigonga kichwa ukutani na kukesha usiku. Baba yake alikuwa amesimamishwa kazi hotelini, na majirani walisema mtoto ana pepo. Sasa maneno yamerudi, ila si yote. Nikisikia habari za Mpox moyo hunidunda. Nilikosea wapi, na maradhi mengine yakija nifanye nini?"

Jibu: Mama, nianze na hilo la kukosea, kwa sababu naona ndilo lililokukalia kifuani miaka yote hii. Hukukosea. Mtoto aliyesimama mlangoni na mkoba wake hakuwa akililia hesabu wala kusoma. Alikuwa akingoja siku yake ianze. Kwa mtoto mwenye usonji, siku huanzishwa na jambo lile lile lililoianzisha jana: sare, mkoba, gari, lango la shule, mwalimu aliyesimama pale pale. Mambo hayo yalikatwa kwa usiku mmoja. Tangazo la kufunga shule lilitolewa Jumapili tarehe 15 Machi 2020, na Jumatatu yake watoto wa shule za kutwa wakabaki nyumbani. Sisi watu wazima tulikuwa na taarifa ya habari ya kutueleza kisa chake, na bado tulibabaika. Yeye alikuwa na mlango uliofungwa tu.

Kuhusu maneno yaliyopotea, ni vyema ujue kwamba ujuzi wa mtoto kama huyu mara nyingi hushikamana na mahali na mtu. Neno "maji" alilojifunza kumwambia mwalimu wake mbele ya ndoo fulani darasani huenda asiweze kulisema jikoni kwako, ingawa kiu ni ile ile. Mahali palipoondoka, neno halikuwa na pa kukaa. Ndiyo maana mengi yalirejea aliporejea shuleni, na yale yasiyorejea bado yanaweza kufundishwa upya. Hata hivyo nakuomba ufanye jambo moja mapema. Mtoto mwenye kifafa anapopoteza maneno ghafla, au anapopoteza ujuzi aliokuwa nao kwa muda mrefu, haifai kudhani moja kwa moja kwamba ni mabadiliko ya ratiba, kwa sababu wakati mwingine ni degedege zisizoonekana kwa macho, hasa zile za usingizini. Mweleze daktari wake habari hiyo hata kama imepita, ili aamue kama kuna haja ya kipimo cha umeme wa ubongo.

Sasa nije kwenye maradhi yajayo. Baada ya miaka mingi ya kukaa na familia kama yako katika kliniki ya ukuaji wa watoto, naamini kwamba kazi ya kwanza ya nyumba wakati wa mlipuko ni kuirudishia siku mfululizo wake, na ya pili ni kumlinda yule anayemlea mtoto asivunjike. Masomo huja baadaye. Nasema hivi nikikiri kosa langu mwenyewe: mwezi Aprili 2020 niliwaandalia wazazi karatasi yenye kazi 12 za kufanya na mtoto kila siku, nikaona nimefanya la maana. Mama mmoja aliirudisha karatasi ile baada ya mwezi haina hata alama moja, akaniambia kwa upole kwamba alikuwa na watoto wanne, jiko moja la makaa na chumba kimoja, kisha akaniuliza kama ningependa aanze na kazi ya ngapi. Tangu siku hiyo sijatoa karatasi ya kazi 12.

Ratiba ninayoizungumzia haihitaji fedha. Chukua kipande cha boksi, ukate vipande vitano au sita vya ukubwa wa kiganja, na kwenye kila kipande ubandike picha au kitu chenyewe: kifuniko cha chupa kwa ajili ya chai, kipande cha sabuni kavu kwa ajili ya kuoga, utepe wa kiatu kwa ajili ya kutembea nje, kipande cha leso kwa ajili ya kulala. Vipange kwa mstari ukutani, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa urefu wa macho yake. Jambo likiisha, yeye mwenyewe ang'oe kipande na kukitia kwenye kopo. Mlio wa kile kipande kikidondoka ndani ya kopo una maana kubwa kwake kuliko maneno yetu yote ya "tumemaliza". Huna haja ya kuweka saa kamili. Ukanda wetu umebarikiwa na saa isiyohitaji betri, nayo ni adhana. Familia kadhaa nilizozifuata wakati ule, za Waislamu na hata jirani zao Wakristo, ziliifunga siku ya mtoto kwenye adhana: baada ya adhuhuri ni chakula, baada ya alasiri ni kutembea, baada ya magharibi ni kuoga na kulala. Kumbuka tu kwamba Ramadhani hugeuza saa za kula na kulala nyumba nzima, na mwaka 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili, katikati kabisa ya kufungwa kwa shule. Mtoto asiyefunga abaki na ratiba yake ya kawaida hata kama nyumba inakesha.

Sare nayo iwe na mahali pake. Shule zikifungwa tena, usiifiche kimya kimya. Mwonyeshe picha ya shule yake, uchore alama ya mkasi (X) juu yake, useme sentensi fupi isiyobadilika, kwa mfano "Shule imefungwa. Leo tupo nyumbani", kisha muikunje sare pamoja na kuiweka sandukuni. Usimwambie "kesho" ikiwa hujui kesho. Sisi hutumia neno hilo kama faraja, lakini yeye hulichukua kama ahadi, na kila asubuhi isiyo na gari humfundisha kwamba maneno ya mama hayaaminiki.

Kuhusu masomo, vipindi vya redio na televisheni vilivyorushwa wakati ule viliwafaa watoto wengi, ila havikuandaliwa kwa mtoto anayejifunza kwa kushika na kurudia. Wako achaguliwe ujuzi mmoja, au miwili ikizidi, ambao ukipatikana nyumba nzima itapumua: kuomba anachotaka, kwenda msalani mwenyewe, kuvaa. Kisha ufundishwe ndani ya kazi ambazo ungezifanya hata kama yeye hayupo. Mpe sinia la mchele achambue nawe kwa dakika 10. Mpe ndoo yenye maji nusu aibebe kutoka bombani hadi jikoni, kwa sababu kubeba na kusukuma vitu vizito huwatuliza wengi wao kuliko kuambiwa watulie. Nazi unaweza kumkunia yeye akakamua tui, ila mbuzi asikalie, meno yake ni makali. Akitaka kikombe, kishike mbele yake kidogo, ungoje, uhesabu hadi tano moyoni kabla ya kumpa. Kungoja huko ndiko kunakompa nafasi ya kutoa sauti au kuonyesha kwa kidole, na kila anapofanya hivyo apewe papo hapo. Mafunzo ya walezi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa familia za watoto wenye kuchelewa kukua yamejengwa juu ya wazo hilo hilo, kwamba mchezo na kazi za kila siku za nyumbani ndilo darasa.

Kujigonga kichwa kulikutisha, na kwa haki. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mwili, kwa hiyo kabla hujakuita tabia, kagua masikio, meno, choo kigumu na mkojo unaochoma. Nimewahi kuletewa mtoto aliyekuwa akijipiga shavu mwezi mzima, akaombewa na kufungwa hirizi, kumbe jino la gego lilikuwa limeoza hadi mzizini. Maumivu yakikosekana, andika kwa siku chache nini kilitokea kabla, alifanya nini, na alipata nini baada yake. Mara nyingi utaona kwamba hufanya hivyo akingoja, au kelele zikizidi, au akitaka kazi ikome. Hapo utajua cha kubadilisha. Wakati wenyewe ukifika, usimpige wala usimkemee. Weka mto au godoro kati ya kichwa na ukuta, punguza sauti na watu, ukae karibu bila maneno mengi. Kukesha nako hupungua akiamshwa saa ile ile kila siku, akitolewa juani asubuhi na kunyimwa simu saa za usiku. Usimpe dawa ya mafua au ya mzio ili asinzie. Wazazi wengi walifanya hivyo mwaka 2020, na kwa mtoto mwenye kifafa baadhi ya dawa hizo zinaweza hata kuchochea degedege.

Dawa za kifafa ndizo nisizokubali zichezewe. Awe anatumia fenobabitoni, kabamazepini au valproeti, dawa ikikatizwa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo zisizokoma, na hizo huua. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungiwa njia za kuingia na kutoka tangu tarehe 8 Aprili 2020, Kilifi na Kwale hadi Juni na Mombasa hadi Julai, na amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imeanza tayari tarehe 27 Machi. Waliobakiwa na vidonge vya siku tatu siku hiyo walihangaika. Kwa hiyo mwombe daktari wako leo, wakati kuna amani, akuandikie dawa kwa namna itakayokuwezesha kubaki na akiba ya mwezi mmoja nyumbani, na kila ukinunua mpya utumie kwanza ile ya zamani. Homa ya ugonjwa wowote inaweza kuleta degedege. Degedege ikija, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, utazame saa. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, mpeleke hospitali hata kama ni usiku wa amri.

Barakoa ilizua ugomvi mwingi usio na lazima. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwezi Agosti 2020 ulisema wazi kwamba watoto wa miaka 5 na chini ya hapo wasilazimishwe, na kwamba mtoto wa umri wowote mwenye ulemavu au tatizo la ukuaji asilazimishwe bali aangaliwe kwa hali yake. Anayeweza kujifunza afundishwe polepole: siku ya kwanza barakoa ikae mezani, siku ya pili ikae usoni kwa mama, siku ya tatu imguse shavu kwa kuhesabu moja hadi tatu, kisha itolewe kabla hajaikataa. Asiyeweza kabisa, wanaomzunguka ndio wavae kwa niaba yake. Mpox yenyewe, iliyothibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Julai 2024, haisambai hewani kwa wepesi wa Korona. Huambukiza hasa kwa ngozi kugusana na ngozi yenye vipele, au kwa nguo na matandiko ya mgonjwa. Kwa mwanao maana yake ni kumkagua ngozi kila anapooga, kwa kuwa huenda asikwambie kwamba anawashwa, na kumzoesha salamu ya mkono kifuani badala ya kukumbatia kila mgeni. Na kwa kuwa kila mlipuko huja na uvumi wake, niseme hili pia: chanjo hazisababishi usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha madai hayo ilifutwa na jarida lile lile lililoichapisha, mwaka 2010. Kadi ya kliniki ya wadogo zake isirudi nyuma kwa sababu hiyo.

Tengeneza pia ukurasa mmoja wa mtoto, uutie kwenye karatasi ya plastiki. Uandikwe jina lake na namba yako ya simu, kwamba ana usonji na kifafa, dawa na vipimo vyake, namna anavyoonyesha maumivu, kinachomtisha, kinachomtuliza, na kwamba hatengani na mlezi wake. Muuguzi aliyevaa mavazi ya kujikinga kuanzia kichwani hadi miguuni hana muda wa kusikiliza historia, lakini atasoma mistari kumi. Nakala nyingine ipelekwe kwa chifu na kwa mzee wa mtaa kabla ya shida, ukiomba barua ya kuthibitisha kwamba mtoto huyu huhitaji kutembezwa nje. Wenzetu walilijifunza hilo kwa uchungu: mwezi Aprili 2020 Uingereza na Ufaransa zililegeza amri zao ili watu wenye usonji waweze kutoka zaidi, na nchini Hispania, ambako matembezi yao yaliruhusiwa, baadhi ya familia zililazimika kuwafunga kitambaa cha buluu mkononi kwa sababu majirani waliwatukana kutoka roshani. Kwenu hapakuwa na roshani, lakini palikuwa na kivuko. Aliyeviona vurugu na mabomu ya machozi pale feri ya Likoni jioni ya kwanza ya amri ile haulizi kwa nini mtoto anayeziba masikio kwa honi ya matatu asipelekwe kwenye foleni saa za mwisho.

Ikiwa bado hajasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, shughulikia hilo sasa. Vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanza nchini mwaka 1984, husaidia kumpangia mtoto shule, na tathmini ya hospitali husaidia kupata kadi ya usajili huo. Kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali, mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si fedha za kutegemea, lakini baba akisimamishwa kazi tena ni unga.

Nimechelewa kufika kwako wewe, na hapa ndipo wataalamu wengi huishia na neno "ujitunze" wakaenda zao. Nitasema kwa ukali kidogo. Baba wa mtoto, akiwa nyumbani bila kazi, apewe saa moja isiyohamishika ya kumtoa mtoto nje, kwa mfano baada ya alasiri, na wewe saa hiyo usipike wala usifue. Akiwa hajui afanye nini na mtoto, atembee naye hadi ufukweni na kurudi kwa njia ile ile, hayo yanatosha. Wadogo zake wasifanywe askari wa kumlinda. Wapewe dakika zao peke yao na mama, hata kumi, mlango ukiwa umefungwa. Majirani wanaosema pepo usibishane nao kutwa. Dua haimdhuru mtoto, na anayetaka kumsomea amsomee, mradi asifungwe kamba, asichanjwe chale, asifukizwe moshi hadi akakosa pumzi, na asiachishwe dawa hata kwa siku moja.

Kisha jiulize swali ambalo familia nyingi hulikwepa: wewe ukilazwa, mtoto atalala kwa nani? Mtoto huyu hawezi kutengwa peke yake chumbani, wala hawezi kufikishwa kwa ghafla katika nyumba asiyoijua. Chagua watu wawili, labda shangazi yake na mama mwenzako wa kitengo. Aanze kwenda kwao sasa, mchana kwanza, halafu usiku mmoja, akiwa na kipande chake cha leso, kikombe chake na ukurasa wake. Wajue kumpa dawa. Jambo hili moja lingewaokoa watoto kadhaa niliowaona mwaka ule wakikabidhiwa mtu waliyekutana naye mlangoni, huku mama akipandishwa gari la wagonjwa.

Kurudi shule pia ni mabadiliko, hata kama yanakufurahisha. Kenya ilifungua kwanza darasa la 4, la 8 na kidato cha 4 tarehe 12 Oktoba 2020, na wengine wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Tanzania ilifungua shule zote tarehe 29 Juni 2020, na Uganda haikufungua zote hadi Januari 2022. Kadiri alivyokaa nyumbani muda mrefu, ndivyo anavyohitaji hatua fupi: wiki moja kabla, avae sare kwa saa moja nyumbani, siku nyingine mwende langoni mrudi, siku nyingine amwone mwalimu kwa dakika chache. Na usishangae ukikutana na mzazi ambaye mwanawe alitulia zaidi shule zilipofungwa. Nimewaona. Baadhi yao walikuwa wakionewa na wenzao au wakilemewa na kelele za darasa la watoto 60, na utulivu wao nyumbani ulikuwa taarifa ambayo shule ilipaswa kuisikia.

Mwisho, usingoje kliniki ifunguliwe ndipo utafute ushauri. Omba namba ya mtaalamu wake mapema, mkubaliane siku na saa ya kupiga simu. Akianza jambo jipya usilolielewa, mpige video ya dakika moja au mbili, ianze kidogo kabla ya tukio ikiwezekana, ionyeshe macho, mikono na miguu yake, na utaje kwa sauti yako saa na alichokuwa akifanya. Video hiyo mtumie mtaalamu peke yake, isiingie kwenye kundi la familia, kisha uihifadhi. Kwa mtoto mwenye kifafa, dakika moja ya namna hiyo imewahi kunieleza zaidi ya kile nilichokipata kwa nusu saa ya maswali.